Mkwe Wangu na Sabufa ya Katoro

Nianze kwa kusema ukweli: mimi nina mdomo. Waulize majirani zangu hapa Tinde, waulize wauza mchele wa barabarani, watakwambia huyo mama ukimpunja kilo moja utajuta kufungua gunia. Lakini mbele ya baba mkwe wangu mdomo huo niliufunga kwa miaka yote ya ndoa yangu, na kuufunga huko nusura kunivunjie nyumba.

Mimi ni mtoto wa mjini Shinyanga. Baba yangu mzazi, Mungu amrehemu, alikuwa fundi redio, na ukoo wake ulitoka pwani zamani kwa biashara ukabaki huku huku. Nimekulia chini ya meza yake ya kazi, naokota skrubu. Kabla sijajua kusonga ugali nilijua kuchomelea waya. Halafu nikaolewa na Msukuma, mtoto wa wafugaji wa Samuye, na kabla ya harusi mashangazi zake wakaniweka ndani siku mbili kunifunda.

Sheria za mkwe zilikuwa hivi. Baba mkwe haangaliwi usoni. Hapewi mkono. Ukimwamkia unapiga goti, unainamisha kichwa, na sauti yako isivuke kizingiti. Shangazi mkubwa alinitazama kutoka utosini mpaka kwenye kucha nilizopaka hina, akasema, "Ninyi watu wa mjini tunawajua kwa kelele. Usije ukatutia aibu." Basi kwa ubishi wangu nikaapa moyoni kwamba huyu bibi hatapata la kusema. Nikawa mkamwana kuliko wakamwana waliozaliwa Usukumani. Kwa mkwe wangu nilikuwa nanong'ona tu.

Miaka mingi haikuwa shida, maana yeye, alipostaafu kiwanda cha pamba, alikaa kwake Samuye na mama mkwe, sisi tukaenda kusalimia sikukuu kwa sikukuu. Salamu zetu alizipokea mama mkwe mlangoni, na yeye ndiye aliyemfikishia mzee. Kisha mama mkwe akafariki. Mzee akabaki peke yake na ng'ombe wachache, na siku moja akaanguka zizini asubuhi, akalala pale pale mpaka wachunga wanarudi jioni ndipo wakamwona. Mume wangu aliposikia hakungoja. Akamleta kwetu Tinde, akaniambia, "Mama watoto, baba ndiye huyu," akarudi Katoro kwenye kazi yake. Ana karasha huko, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na nyumbani huja mara moja kwa mwezi.

Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza. Kila asubuhi nilitoka na chai mpaka barazani, nikapiga goti, nikainamisha kichwa, nikasema, "Shikamoo Baba." Kimya. Nikangoja. Kimya. Nikaweka kikombe, nikainuka, nikarudi jikoni. Kesho yake vivyo hivyo. Miezi mitano, jamani! Nilimwamkia asubuhi, nikamkaribisha chakula mchana, nikamuuliza kama maji ya kuoga yamemtosha, na mzee hakunipa hata "ehee". Anatazama barabara tu, anakula, anajifuta mikono.

Ingekuwa ni mtu asiyesema na watu, ningevumilia. Lakini wakipita wazee wenzake wanaume, loo! Ni vicheko mpaka vikohozi. Mwenye mashine ya kukoboa akisimama pale na sauti yake nzito kama ya fahali, wanapiga soga mpaka adhuhuri. Ndani nasikia, naumia. Nilijiuliza, nimemkosea nini huyu mzee? Au hajawahi kunitaka, kwa kuwa si Msukuma, na sasa mkewe aliyekuwa akiwasuluhisha watu hayupo? Nikalia jikoni zaidi ya mara moja, nasingizia vitunguu. Nikikasirika nilipiga sufuria kwa makusudi, kwa nguvu, ajue kwamba nimechukia. Hakugeuza hata shingo. Nikasema, kumbe dharau zimefika huko.

Jirani yangu mmoja, mwanamke mwenye kisauti chembamba cha kinanda, aliwahi kuniambia, "Mzee wako naye ana maringo, nimemwamkia amenipita." Nikafurahi kupata mwenzangu wa kulalamika naye. Akili ya kulipima neno hilo vizuri sikuwa nayo.

Alipotimiza miezi minne kwetu, mzee akamwambia mwanawe, "Nirudishe kwangu." Mume wangu akauliza kuna nini. "Hakuna kitu. Nirudishe." Mzee wa Kisukuma mwenye heshima zake hamshitaki mkamwana kwa mwanawe, hata amfanyie ubaya gani. Kwa hiyo hakusema zaidi, na kutosema kwake kukanishitaki kuliko maneno. Mume wangu akaja kwangu. "Umemfanya nini baba?"

"Mimi? Yeye ndiye haniitikii!"

"Baba yangu? Baba anaitikia hata watoto wa njiani."

"Basi mimi nimeshindwa hata na watoto wa njiani," nikamwambia, na tukalala tumepeana migongo.

Ikakubalika kwamba mwezi unaofuata atakuja amchukue. Nyumba ya Samuye mlango wake hata haufungi vizuri. Nilijua, na yeye alijua, kwamba mzee akianguka tena kule, safari hii huenda wachunga wasimkute akiwa hai. Na kwenye matanga wangeninyooshea kidole mimi, kwa haki yao. Mkamwana aliyemfukuza mzee!

Jumamosi ya kuja kumchukua ikafika. Mume wangu alishuka kwenye bodaboda na boksi kubwa amelikumbatia, jasho tupu. Ndani yake mlikuwa na sabufa. Zile sabufa za kawaida zimejaa kila nyumba, huja na vispika vyake, unachomeka unacheza muziki. Hii haikuwa hivyo. Ilikuwa sanduku moja jeusi, zito, halina mwenzake, lina waya wake wa umeme na spika moja pana inayotazama chini. Alikuwa ameniahidi zamani kitu cha kusaidia amplifaya niliyorithi kwa baba yangu, ambayo nimeiunganisha na vispika viwili vya rafu vyenye sauti nzuri isiyo na besi kabisa. Nadhani alitaka kunipoza kabla ya kumchukua baba yake kesho yake. Mzee alikuwa barazani anasokota kamba ya katani. Nguo zake zilikwisha kufungwa kwenye shuka.

"Fundi wa Katoro amesema ni kuchomeka tu," mume wangu akasema, akajitia fundi. Alikuwa na waya ule wa pini mbili, nyekundu na nyeupe. Upande mmoja akachomeka kwenye sabufa, upande wa pili akachomeka nyuma ya amplifaya kwenye matundu ya kuingizia sauti ya kaseti. Kimya. Akaongeza sauti. Kimya.

"Hayo ni matundu ya kuingilia," nikamwambia. "Wewe unangoja mtu atoke kwenye mlango wa kuingilia."

"Basi nakata hizi pini, nafunga waya kule kwenye spika."

Akachukua kisu kweli. Mungu wangu! Sauti inayotoka kwenye amplifaya kwenda spika imekwisha kutiwa nguvu, ukiisukuma kwenye kale katundu kadogo ka sabufa kalikozoea sauti dhaifu, unaweza kuiunguza siku hiyo hiyo, na waya zikigusana unaunguza na amplifaya. Nikamshika mkono. "Ukiniunguzia amplifaya ya marehemu baba yangu, Katoro utarudi kwa miguu. Kaa chini, shika tochi."

Akakaa, akashika tochi. Ndiyo maana tumedumu.

Nikaigeuza sabufa nikaipapasa mgongo. Baba yangu alinifundisha kwamba chombo usichokijua unakisoma nyuma kwanza, huko ndiko kinakosema ukweli. Na kweli, chini ya yale matundu ya pini palikuwa na vibanio vya waya vya spika, vyekundu na vyeusi, safu mbili: safu ya kuingia na safu ya kutoka. Nikashusha pumzi. Hiyo ndiyo njia ya amplifaya za zamani zisizo na tundu la sabufa. Waya zinatoka kwenye amplifaya pale pale pa spika, zinaingia kwenye sabufa kwanza, halafu kutoka kwenye sabufa zinaendelea mpaka kwenye vispika. Sabufa yenyewe haili nguvu ya amplifaya. Inachungulia tu sauti inapopita, inachukua ile ya chini, na nguvu yake inaipata kwenye soketi yake.

Nikazima kila kitu, nikachomoa kabisa, maana umeme hauna udugu. Nikamenya waya, nikasokota nyuzi zisibaki zimetawanyika, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kulia na kushoto. Vispika nikaviacha kwanza. Kwa fundi aliyenilea, kila kimoja kilipewa zamu yake ya kusema kabla ya kuvichanganya, upate kujua kosa ni la nani. Nikawasha. Mmmmmm! Mngurumo ukatoka kama jenereta limefichwa chumbani. Mume wangu akaniangalia kwa raha ya mtu aliyekatazwa kufanya kosa lake mwenyewe. "Na hii je?"

"Hii ni kwa sababu umechomeka sabufa soketi ya jikoni na amplifaya iko soketi ya sebuleni. Zilete kwenye ekstensheni moja." Akaleta. Mngurumo ukafa.

Kwenye simu yake alikuwa na ngoma aliyorekodi kwenye sherehe ya mavuno huko Katoro: ngoma kubwa mbili na mwanamke anayeimba juu yazo kwa sauti kali ya kukata. Nikaiunganisha. Kwa kuwa ni sabufa tupu, mwanamke hakusikika kabisa. Zilibaki ngoma peke yake, du, du-du, du. Nikaanza kuzungusha kitufe cha sabufa kidogo kidogo, kutafuta mahali sauti yake ikomee ili vispika vipokee, na kidirisha kikaanza kutetemeka.

Mzee akaja mlangoni. Kamba bado anayo mkononi. Katika miezi mitano hakuwahi kuvuka mlango ule nikiwa ndani.

"Nani anapiga ngoma?" akauliza kwa Kisukuma, macho yamemtoka kwa furaha.

Mume wangu akamjibu kwa sauti yake ya kwenye karasha kwamba ni sabufa. Mzee akaingia, akaweka kiganja juu ya sanduku, akacheka. Mimi nilikwisha kuinamisha kichwa na kujibanza ukutani na bisibisi yangu, kama nilivyofundwa. Nikaona mguu wake unagonga sakafu, na kila pigo limeanguka mahali pake. Nikawaza, kumbe mzee anapenda ngoma, na mimi redio yangu inaimba kutwa nzima hajaijali hata siku moja. Aliwahi kumwambia mwanawe kwamba ile redio yetu ni mbovu, inatema mate tu.

Nikaendelea na kazi yangu. Nikazima, nikafunga waya za vispika, nikawasha tena, lakini swichi ya nyuma ya sabufa nikaiacha imezimwa ili nivisikie vispika peke yake. Sasa ikawa zamu ya mwanamke. Alipaza! Nyumba nzima ilijaa, jirani yangu wa kisauti chembamba akapiga kigelegele kutoka uani kwake. Mume wangu akaziba sikio moja.

Mzee alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye spika. Akamgeukia mwanawe, uso umemshuka.

"Mbona mmezima?"

Tulimtazama. Mwanamke anaimba kwa kadiri ya mapafu yake. "Baba," mume wangu akasema, "hatujazima."

"Mmezima. Washeni tena."

Bisibisi ikanitoka mkononi. Mwenye mashine ya kukoboa na sauti yake ya fahali. Mume wangu na sauti ya karasha. Ngoma. Hao wote anawasikia. Jirani na kinanda chake, hamsikii. Sufuria, hazisikii. Na mimi je, mwenye sauti ya kike niliyoikaba mpaka ikabaki pumzi, kichwa nimekiinamisha hata midomo yangu asiione? Mzee huyu alifanya kazi miaka na miaka kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, mashine inalia sikioni, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza. Sauti za juu zilikwisha kumhama, zimebaki za chini. Wala hakujua. Mtu atajuaje asichokisikia?

"Hanisikii," nikasema. Mume wangu hakuelewa. "Baba watoto, baba hanisikii! Hajawahi kunisikia!"

Nikazima muziki. Shangazi mkubwa na mafundisho yake anisamehe. Nikapiga goti, hilo sikuliacha, lakini kichwa nikakiinua. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikamtazama baba mkwe wangu machoni. Yalikuwa macho ya upole, yamezungukwa na mikunjo, na yalishtuka. Nikaishusha sauti mpaka kifuani, nikaitoa nzito, taratibu, kwa nguvu ambayo ningemtolea muuza mchele.

"SHIKAMOO BABA."

Akaishusha kamba chini.

"Marahaba, mayu," akasema. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na mzee akikuita hivyo amekuheshimu. Kisha akamgeukia mwanawe, akasema polepole, si kwa hasira, kwa mshangao tu, "Miezi mitano nakula kwake, leo ndiyo mara ya kwanza ananiamkia."

Nililia hapo hapo, sikusingizia kitunguu. Kumbe na yeye! Kumbe kila asubuhi alikaa pale barazani anamwona mwanamke anakuja, anapiga goti, anaweka kikombe, anaondoka bila neno. Alikuwa anangoja salamu yangu, na mimi nangoja jibu lake, hatua moja kati yetu. Alifungasha nguo zake arudi kwenye nyumba isiyofungika kuliko kukaa mahali asipoamkiwa, na hakunitaja kwa ubaya.

"Baba," mume wangu akamwambia, ameinama karibu na sikio lake, "anakuamkia kila siku. Kila asubuhi tangu ulipokuja. Masikio yako hayaishiki sauti yake. Hata mwimbaji huyu hukumsikia, alikuwa anaimba."

Mzee akakaa juu ya kochi, ambalo hakuwahi kulikalia. Nilimwona anarudi nyuma katika zile asubuhi, moja baada ya nyingine. Kwao kunyamazia salamu ya mtu ni tusi kubwa, si jambo la kusahau.

"Kila asubuhi?" akaniuliza mimi mwenyewe.

"Kila asubuhi, Baba," nikasema kwa kifua.

"Basi mimi ndiye niliyekuwa siitikii." Akamwambia mwanawe, "Kesho utaondoka peke yako."

Nilijisikia kama mtu aliyetua ndoo ya maji baada ya mlima. Mume wangu akageukia dirishani, akajifanya anakagua waya. Nikataka kuinuka, nikachemshe chai, nifanye lolote mikono ipate kazi. Mzee akaniashiria nibaki.

"Marahaba ya jana," akasema.

Sikumwelewa mara moja.

"Marahaba ya juzi," akasema, akikunja kidole cha pili. "Marahaba ya kabla ya juzi." Akakunja cha tatu. Akaendelea, bila haraka, anaitikia kila asubuhi niliyopiga goti nikaondoka bila jibu, na kila moja aliitamka yote, na kila moja alinitazama. Vidole vilipokwisha alianza upya na mkono ule ule. Alipofika kama wiki ya tatu mume wangu alikwisha kushindwa, anacheka na kulia pamoja, na mimi magoti yananiuma, ikabidi nimwambie kwa sauti kubwa ambayo haijawahi kutoka kwa mkamwana yeyote wa ukoo ule, "Baba, imetosha! Nyingine niitikie kesho."